Mrija Alionyimwa Mfinyanzi

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na waliosema hivyo huenda walikuwa wakimcheka tu fundi asiyejifanyia mwenyewe. Lakini kule Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alikuwako mfinyanzi aliyenywea gae kweli, tena si kwa uvivu. Jina lake Nyirabizimana.

Kila Jumapili alasiri watu walikusanyika uani kwa Mukarukundo kunywa pombe ya mtama. Chungu kikubwa kilichokaa katikati yao kilikuwa kazi ya mikono ya Nyirabizimana. Ndiye aliyeuchimba udongo wake kwenye kinamasi cha ziwa, akaukanda kwa visigino, akaujenga pete juu ya pete, akaung'arisha kwa kokoto, akauchoma kwa nyasi na samadi mpaka ukawa na rangi ya jua linalotua. Watu walikizunguka chungu hicho wameketi kwenye vigoda na mawe, na mirija miwili mirefu ya tete ikapita toka mdomo hadi mdomo, na hadithi zikapita pamoja nayo.

Naye Nyirabizimana aliketi nje ya ua wa minyaa. Mukarukundo alimtolea sehemu yake huko huko, akamimina katika gae, kitako cha chungu cha zamani kilichovunjika. Akimaliza kunywa, gae lilifunikwa juu ya kijiti kilichosimikwa nje ya ua, mbali na vyombo vingine vyote, na hata mtoto mdogo alijua kwamba haliguswi.

Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa ubaya. Nyirabizimana alikuwa Mutwa, mtu wa kabila dogo la Batwa. Huko walikotoka wengi wao, kwenye milima ya Rutshuru na Masisi, Batwa walifinyanga vyungu na majirani wakavipikia, lakini hakuna jirani aliyeweka mdomo kwenye mrija uliopita kinywani mwa Mutwa. Watu hawa walivuka mpaka wakikimbia risasi. Waliacha ng'ombe, wakaacha mashamba, wakaacha makaburi ya wazee wao. Desturi hii hawakuiacha. Ilikuwa nyepesi kubeba.

Yeye alifika mwaka 1996, mjane kijana, na mali yake ilikuwa kokoto moja nyeusi ya kung'arishia vyungu, aliyoachiwa na mama yake. Siku zile za mwanzo, wengine walipokuwa wakipanga mistari kungojea maturubai, yeye alitembea kandokando ya kinamasi akiuonja udongo kwa ncha ya ulimi. Huu una mchanga. Huu una chumvi. Alipoufikia ule uliomfaa, akatema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu avuke.

Masufuria na majerikeni yaliua soko la vyungu vingi, lakini pombe ya mtama haikukubali. Ukiilaza ndani ya jerikeni inaamka na harufu ya jerikeni. Kwa hiyo Mukarukundo, mwanamke mnene, mwepesi wa kicheko, hakuweza kuishi bila mfinyanzi wake.

"Dada, bila mikono yako mi ningepikia pombe ndani ya kiatu," alizoea kusema.

"Na bila ulimi wako," Nyirabizimana alimjibu, "pombe ingekuwa inabakia mpaka jioni."

Walicheka, wakaombana chumvi, wakauguzana. Ila Jumapili ikifika, mmoja alikuwa ndani ya ua na mwingine nje, na gae lilikuwa juu ya kijiti chake.

Nyirabizimana hakutaka mengi. Alitaka siku moja aketi mle ndani, karibu na chungu chake mwenyewe, asikie watu wanavyokisema kikiwa kimejaa. Hamu hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Aliikanda pamoja na udongo, akafanya kazi.

Mwaka 2009, majira ya kiangazi, alipata nafasi kwenye pikapu iliyopitia Kaberebere kwenda Mbarara. Alibeba vyungu na majiko ya udongo, amevifungia nyasi kama mtu anavyomfunika mtoto. Mteja wake mjini alikuwa Hajara, mama wa Kiislamu mwenye duka la vyombo karibu na soko, mwenye sauti ya kuita watu hadi ng'ambo ya barabara. Siku ile alimsimamisha mlangoni.

"Nyabo, simama hapo hapo!"

"Kwani nimeiba?"

"Bado. Nawa mikono kwanza. Husikii redio? Kuna mafua imetoka nchi za mbali, imezunguka dunia mzima. Wanaita ya nguruwe."

Muuza vitambaa wa duka la jirani, Buruhan, akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Lakini Hajara, sisi na nguruwe wapi na wapi? Hiyo mafua ikifika kwa mlango yangu itaona kofia, itarudi."

"Haiulizi ulikula nini, Buruhan. Inauliza kama ulikohoa ndani ya mkono halafu ukamsalimia mtu. Na wewe leo umekohoa tangu asubuhi."

Buruhan akaificha mikono yake chini ya vitambaa, na wateja wakamcheka.

Nyirabizimana alinawa. Maji yalikuwa ndani ya jerikeni, na ili kuyamimina ilimbidi aishike kwa mkono mchafu; alipomaliza ilimbidi aishike tena, kwa mkono ule ule uliotakata. Akaitazama jerikeni ile kama mshonaji anavyoitazama nguo iliyoshonwa vibaya na mwingine.

"Hii inakuchafua tena," alisema.

"Sasa nifanye nini?"

"Nitakuletea nyungu ya kunawa. Tundu kidogo chini, na kijiti cha kuziba. Unagusa kijiti na nyuma ya mukono, maji inatoka nyembamba kama uzi. Haipotei."

Hajara alimtazama, kisha akapiga makofi. "Leta! Leta mingi. Wake za wanajeshi kule kambini wananiuliza kila siku kitu cha kuweka kwa mlango. Mama Natukunda ameweka sufuria, mbuzi imekunywa yote."

Nyirabizimana alirudi Kashojwa na moyo mwepesi. Hakujua kwamba mafua yalikuwa yamemtangulia.

Jumapili ile mtu mmoja alikohoa uani kwa Mukarukundo. Baadaye hakuna aliyekumbuka ni nani, kwa maana kabla juma halijaisha walikuwa wakikohoa wote. Mirija ilikuwa imepita kama kawaida, toka mdomo hadi mdomo. Mukarukundo alilala kwa homa. Appolinaire, mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mrefu asiyeachana na mwavuli wake jua au mvua, alitembea amejifunga blanketi. Mzee Rwakabuba ndiye aliyeumia zaidi. Huyu alikuwa mfugaji mkubwa huko Masisi, na ijapokuwa hakubakiwa na hata ndama, bado aliketi kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Alibebwa kwenda zahanati ya Base Camp, kwenye ofisi kuu za makazi, pumzi ikimkwaruza kifuani, na kwa siku kadhaa wanawe hawakujua kama watarudi naye.

Nyirabizimana alikuwa mzima. Alionekana kinamasini kila asubuhi na kapu lake.

Ndipo minong'ono ikaanza. Chungu ni chake. Pombe ilitoka ndani ya chungu chake. Waliokunywa wote wamelala, yeye anachimba udongo. Walioyasema maneno hayo hawakuyasema kwa sauti, lakini mama mmoja aliyekuwa ameagiza chungu cha maji alituma ujumbe kwamba hakihitaji tena. Wa pili naye akatuma.

Appolinaire alikuja kwake asubuhi moja. Nyirabizimana alikuwa akilainisha shingo ya chungu.

"Jambo, mama."

"Jambo, shefu. Ikala."

"Nitasimama tu." Alihamisha mwavuli mkono mmoja hadi mwingine. "Mama, batu banasema mingi."

"Banasema nini?"

"Banasema nyungu ni yako. Benye balikunywa bote banagonjwa, weye hapana. Eti... eti uliweka kitu ndani. Mi sisemi, mama. Ni bo banasema."

Nyirabizimana aliiweka chini kokoto ya mama yake. Alijua uzito wa neno lile. Likishikamana, hakuna chungu chake kitakachovuka mlango wa mtu tena. Hatakuwa nje ya ua wa minyaa peke yake. Atakuwa nje ya Nakivale yote, na hana mpaka mwingine wa kuvuka.

"Shefu, ile siku ya Mungu ulikuwa pale?"

"Nilikuwa."

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa." Akakohoa, kikohozi kirefu, kama shahidi aliyeitwa kwa jina.

"Ile mrija ilipita mu kinywa ya nani?"

"Ya bote."

"Na ya mi?"

Appolinaire aliutazama mwavuli wake.

"Nakuuliza, shefu. Nani alininyima mrija? Ni mi nilikatala?"

"Hapana, mama."

"Basi, wende uambie bale batu: hii kikohozi mulipeana ninyi kwa ninyi. Mi sikohoi juu hamukunipa fasi ya kukohoa na ninyi."

Appolinaire alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, nacho kikageuka kikohozi, na Nyirabizimana akamletea maji. Aliyanywa kwenye kikombe chake cha bati alichokitoa mfukoni. Hata hilo Nyirabizimana aliliona.

Maneno yake yalizunguka Kashojwa kabla ya jua kuwa la utosini. Wengine walicheka, wengine wakanyamaza kimya cha watu waliojikwaa kwenye jiwe waliloliweka wenyewe. Mama wa chungu cha maji akatuma ujumbe mwingine, kwamba anakihitaji hata hivyo.

Baada ya hapo wahudumu wa afya walipita kila kijiji. Kunawa mikono kwa maji na sabuni, au majivu pasipo sabuni. Kukohoa kwenye kiwiko. Na mirija basi: kila mtu chombo chake, ama sivyo uwanja wa Mukarukundo ufungwe mpaka ugonjwa upite.

Mukarukundo, aliyekuwa amepona na kupungua kidogo, alifanya kosa ambalo mtu mwema tu angeweza kulifanya. Alikwenda kwenye maduka ya Misiera akanunua vikombe vya plastiki vya rangi ya waridi, kijani na njano, akavipanga kuzunguka chungu kama maua. Hakukumbuka, kama asivyokumbuka mtu ambaye hajawahi kunyweshwa peke yake, chombo cha peke yako kina maana gani kwa watu wale.

Jumapili hiyo Rwakabuba alirudi kwa mara ya kwanza tangu augue. Alikuwa amekonda, anaegemea fimbo. Akapewa kikombe cha waridi. Akakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota chura.

"Mukarukundo. Hii ni nini?"

"Kikombe, mzee. Kila mutu na yake."

"Kila mutu na yake?" Akakigeuza, akakinusa. "Kwani leo tumekuwa Batwa?"

Kicheko kilianza, kikafa. Watu waligeuka kuutazama ua. Ng'ambo yake, mahali pake pa siku zote, Nyirabizimana alikuwa ameketi na gae lake mapajani.

Hakuna aliyemtukana. Ndilo lililouma. Rwakabuba hakuwa amemkusudia hata kidogo. Alikuwa ametaja tu kitu kinachojulikana, kama mtu anavyotaja mvua. Mmoja mmoja watu waliweka vikombe chini, wakaaga. Chungu kikabaki kimejaa. Nyirabizimana alimaliza pombe yake bila haraka. Kisha, badala ya kulifunika gae juu ya kijiti, alilitia ndani ya kanga yake akaondoka nalo.

Kesho yake Mukarukundo alimfuata. Alimkuta amesimama juu ya udongo, anaukanda kwa visigino.

"Dada, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Si weye ulisema."

"Pombe imekuwa kali, nimemwagia nguruwe ya jirani. Sasa ni yeye anaimba." Alijaribu kucheka, akashindwa, akaketi. "Bakirudi kwa mrija, batu ya afya banafunga kwangu. Nikibapa bikombe, banakimbia. Nitakula nini?"

"Plastiki inanuka."

"Si harufu, dada. Unajua ni nini."

"Najua. Lakini nataka kinywa yako iseme."

Mukarukundo alikwangua udongo uliokauka kwenye kigoda. Katika miaka yote ya kuombana chumvi, neno hili halijawahi kuwekwa kati yao. "Banaogopa kunywa sawa weye," alisema mwishowe.

Nyirabizimana aliendelea kukanda. "Mi nakunywa hivi tangu tufike. Kati yetu, nani alibebwa Base Camp?"

"Si weye."

"Nitafanya bikombe ya udongo. Udongo ya nyungu yenyewe. Yote sawasawa, kama mayai ya kuku moja. Lakini niko na neno."

"Sema."

"Bikombe yote inakaa fasi moja, ndani ya ua. Yangu iko mule mule. Na mi pia."

 Nyirabizimana alimwona akiwaza nyuso za wateja wake mmoja mmoja, akiwapima.

"Na bakikatala?"

"Bakikatala utapika uji. Uji yako si mbaya."

Sasa Mukarukundo alicheka kweli, tumbo likatikisika. Akainuka akipangusa macho. "Fanya, dada. Kama ni uji, itakuwa uji."

Kila mfinyanzi anajua kwamba udongo mbichi peke yake hausimami motoni. Hupasuka. Lazima uchanganywe na unga wa vyungu vya zamani, vilivyokwisha kuungua na kuzoea moto, ndipo kipya kipate uti wa mgongo. Nyirabizimana alikuwa na rundo la vigae nyuma ya nyumba kwa kazi hiyo. Siku ile hakulitumia rundo. Alilitoa gae lake kwenye kanga, akaliweka juu ya jiwe, akalitazama. Mdomo wake ulikuwa umelainika upande mmoja, pale midomo yake ilipogusa miaka yote hiyo. Akalivunja. Akalisaga taratibu mpaka likawa unga mwekundu, akaunyunyiza juu ya udongo wote, akaukanda.

Alifinyanga vikombe vyenye vishikio vidogo, vipana chini ili visianguke. Alifinyanga pia chungu cha kunawia chenye tundu na kijiti, kama kile alichomwahidi Hajara. Alivianika kivulini, akavichoma siku isiyo na upepo. Vilipopoa alikigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Vyote viliitika. Katika maisha yake ya ufinyanzi hakuwahi kuchoma bila kupoteza hata kimoja.

Jumapili ilipofika, chungu cha kunawia kilikuwa langoni juu ya mafiga matatu, na sahani ya majivu pembeni. Ndani, ubao wenye vijiti ulisimamishwa, na vikombe vikaning'inia vyote, vyekundu, vimefanana. Chungu kikubwa kilikuwa mahali pake, na kata ya kibuyu ya kuchotea. Na kwenye kigoda karibu nacho, ndani ya ua, aliketi Nyirabizimana. Mikono yake ilikuwa mapajani. Mgongo wake ulikuwa wima kama shingo ya chungu.

Watu walifika. Walinawa, maana kile kijiti kiliwafurahisha. Watu wazima na wazee walirudia kunawa ili waone tena maji yakitoka kama uzi. Lakini walipoingia na kumwona alipoketi walisimama kando ya ua, wanaongea mambo ya mahindi. Hakuna aliyekwenda ubaoni. Mukarukundo alishika kata na kuiachia, akaishika tena.

Rwakabuba alikuwa wa mwisho kufika. Alinawa polepole. Aliingia, akamwona Nyirabizimana, akaviona vikombe. Wote walimngojea, kwa sababu atakachofanya mzee ndicho kitakachokuwa.

"Mrija iko na kazi yake," alisema. "Tukikunywa na mrija moja, tunajua hakuna sumu. Kama ni kufa, tunakufa bote. Sasa bikombe mbalimbali. Nani ataonja?"

"Mi nitaonja," alisema Nyirabizimana. "Lakini kikombe nisichague mi. Unichagulie weye, mzee. Ile unayoogopa zaidi, unipe."

Ulikuwa mtego wa haki, na Rwakabuba aliuona. Akikataa, ataonekana mwoga mbele ya kijiji. Akikubali, itambidi kumpa Mutwa kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Alisimama na fimbo yake. Kisha akauendea ubao, akatazama juu, akatazama chini, akakitungua kimoja cha katikati. Mukarukundo akakijaza. Na mzee Rwakabuba, aliyekuwa na ng'ombe wasiohesabika huko Masisi, akakipeleka kikombe kile mpaka kwenye kigoda na kukitia mikononi mwa mfinyanzi.

Nyirabizimana alikunywa chote. Akakigeuza, tone moja likaanguka.

Rwakabuba hakuondoka mbele yake. Alikuwa akitazama ng'ambo ya ua, kwenye kijiti kilichokuwa kitupu.

"Gae yako iko wapi?" aliuliza.

Angeweza kusema limevunjika. Lingekuwa jambo la kweli, na siku yake ingekwisha salama. Aliyaangalia macho ya watu, akaona kwamba akijificha leo atakuwa amejenga ua mwingine kwa mikono yake.

"Nililisaga," alisema. "Udongo bila gae inapasuka, mzee. Nililisaga, nikachanganya. Iko ndani ya bikombe yote. Kila moja iko nayo kidogo."

 Appolinaire alifungua mwavuli wake bila sababu, akaufunga. Mukarukundo alifumba macho, akauona uji.

Rwakabuba alitazama ubao. Aliutazama kwa muda mrefu, na huenda alikuwa akikumbuka kule Base Camp alikolala, pumzi haiingii wala haitoki, na mrija wa mwisho aliounyonya. Akanyoosha mkono, akatungua kikombe cha pili. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, vile alivyowaona wafinyanzi wakigonga. Kikaitika.

"Jaza," alimwambia Mukarukundo.

Alikunywa. Akameza, akatulia, akakitazama kikombe kwa ndani kana kwamba kuna kitu kimemdanganya. "Baridi," alisema. "Iko baridi kama maji ya mulima." Kisha akamgeukia Nyirabizimana kwa hasira ya mtu aliyegundua kwamba ameibiwa. "Ee mama! Yaani miaka yote hii weye uko kule inje unakunywa pombe ya baridi peke yako, na siye hapa tunanyonya mate ya Appolinaire?"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Appolinaire alipinga kwamba mate yake hayana kosa. Watu wakauendea ubao, wakasukumana, na Mukarukundo akachota bila kusimama. Katika zogo lile hakuna aliyesogeza kigoda chake mbali na cha Nyirabizimana. Mama wa chungu cha maji aliketi karibu naye, akamwuliza kama atamfinyangia kikombe chenye alama, asije akachanganyiwa.

"Alama gani?"

"Yoyote. Bora mi niijue."

Rwakabuba naye alitaka yake: pembe za ng'ombe, ndefu, kama za wale wake wa Masisi. Alimchorea ardhini kwa fimbo, akamsahihisha mara tatu.

Mafua yalipita, kama yanavyopita. Mwaka uliofuata Appolinaire alitangaza kwamba mambo ya mirija sasa ni hiari ya mtu. Vijana wachache walikata matete wakajaribu. "Rudini kwa mrija ninyi," Rwakabuba aliwaambia, kikombe chenye pembe mkononi. "Mi mate ya batu nimekunywa ya kutosha." Matete yakakauka ukutani. Kufikia hapo nyumba nyingi za Kashojwa zilikuwa na chungu cha tundu mlangoni na majivu pembeni. Mama wengi walikuwa wamezoea kuchemsha maji ya kunywa na kuyapoza ndani ya chungu, na watoto walikua wakijua kwamba kikombe cha mtu ni cha mtu. Vikombe vya plastiki vya Misiera walipewa kuku.

Mbarara, Hajara alipanga vyungu vya kunawia mbele ya duka lake, akawaambia wake za wanajeshi kwamba vinatoka kwa fundi wake. Hata Buruhan alinunua. Alisema ni cha kutawadhia. Hajara alisema ni cha mafua. Wakabishana mpaka adhana. Na Nyirabizimana akawa na wanafunzi, mabinti wa kila kabila, waliokanda udongo kwa visigino vyao bila kuuliza nani alizaliwa kwa nani. Mtu akimwuliza kazi yake alijibu "Mfinyanzi," akalitaja neno hilo kama wengine wanavyolitaja jina la mfalme.

Mwaka 2015 wakimbizi wapya walifika kutoka Burundi, vumbi la njia likiwa bado kwenye nyusi zao. Jumapili moja baadhi yao waliingia uani kwa Mukarukundo, na mmoja, mwanamke wa makamo, alibaki nje ya ua wa minyaa. Alichuchumaa pale pale paliposimama kijiti zamani. Mkononi alikuwa na kopo lililoliwa na kutu. Hakuna aliyemwambia aketi huko. Alipajua mahali pake, kama Nyirabizimana alivyokuwa akipajua.

Nyirabizimana alimwona kwanza. Akaweka kikombe chini ainuke.

Lakini sauti ilimtangulia. Rwakabuba alikuwa mzee sana sasa, haoni vizuri, ila alikuwa ameona kivuli nyuma ya ua.

"Weye mama! Unafanya nini uko inje? Unachunga nini, na sisi hatuna ng'ombe?"

Mwanamke alishtuka, akainua kopo lake kuonyesha kwamba anacho chombo chake.

"Tupa ile kitu," alisema mzee. "Maji iko kwa mlango. Nawa, uingie. Bikombe iko pale, uchague."

Mwanamke aliwatazama watu mmoja mmoja, kisha akalitazama lango. Kijiti cha chungu cha kunawia kiliguswa. Maji yakatoka, membamba.

Nyirabizimana alikaa tena kwenye kigoda chake. Hakukuwa na haja ya kuinuka. Alikichukua kikombe chake, akanywa, na pombe ilikuwa baridi.